Wembe wa babu wa kukunja: makali, mpini na kabari

Kuna swali limenifikia kwa ujumbe, nalileta hapa bila jina:

"Dada nesi, mume wangu amerithi wembe wa babu yake, ule wa kukunja wa zamani. Mpini umevunjika na chuma kina kutu. Amepata kipande cha mpingo, anataka kuchonga mpini mpya kwa mkono wake. Anasema ukiwa tayari ndio utakaomnyoa mtoto wetu siku ya arobaini. Nimkatalie?"

Jibu fupi: mpini achonge, tena amsaidie mdogo wake ajifunze. Mtoto asinyolewe nao. Jibu refu lina historia ya miaka karibu 300 ndani yake, nitaligawa. Wekeni chai jikoni, na wewe baba kijana unayesoma kwenye simu ya mkeo, karibu, leo unahusika kuliko yeye.

POST YA 1: CHUMA

Tuelewane kwanza tunazungumzia kitu gani. Siyo wembe mwembamba wa dukani unaokuja kwenye kikaratasi. Ni ule wa vinyozi wa zamani: bapa la chuma lenye mgongo mnene na makali upande mmoja, linalojikunja na kuingia katikati ya vibao viwili vyembamba. Ukitazama kwenye mkia wa bapa, karibu na pini inayolishika, mara nyingi utakuta mhuri wa fundi na jina la mji. Wembe wa Kiingereza kwa kawaida utasema Sheffield. Wa Kijerumani utasema Solingen.

Sheffield ilipataje jina? Sehemu kubwa ni kwa sababu ya fundi saa mmoja, Benjamin Huntsman. Alikuwa akitengeneza saa huko Doncaster, na hakuridhika na chuma alichopata kwa ajili ya springi. Chuma cha pua cha wakati ule, wengine mnakiita feleji, kilikuwa hakilingani: huku kigumu, kule laini, katika kipande hichohicho. Miaka ya 1740 akahamia karibu na Sheffield akaanza kukiyeyusha kabisa ndani ya vyungu vya udongo vilivyofunikwa, katika moto mkali wa makaa ya koki. Kikayeyuka, kikachanganyika, kikatoka kimoja. Inasimuliwa kwamba mafundi visu wa palepale walikikataa, wakasema ni kigumu mno kufanyia kazi, naye akawa anakiuza Ufaransa. Visu vya Wafaransa vilipoanza kuwashinda sokoni, ndipo wakamkubali.

Wembe ulinufaika sana. Makali yanayopita shingoni bila kukwaruza yanahitaji chuma kisicho na sehemu laini hata moja.

Lakini angalia: chuma hicho kinashika kutu. Kile kisichoshika kutu, cha masufuria yenu na cha mikasi yetu ya wodini, kilikuja baadaye sana, mwaka 1913, kwa Harry Brearley, na ajabu ni kwamba alikuwa Sheffield hukohuko. Kwa hiyo wembe wa babu ukiachwa na maji usiku mmoja tu, asubuhi una madoa.

Sasa niwaambie kitu ambacho wauzaji wa vitu vya zamani huwa hawakisemi. Ule mng'aro uliwaua watu. Bapa lilisagwa kwenye gurudumu kubwa la jiwe la mchanga, lililozungushwa na maji ya mto na baadaye na mvuke. Msagaji aliketi juu ya kiti kama amepanda punda, kifua kikielekea jiwe. Vumbi likapanda, naye akalivuta kutwa nzima. Daktari mmoja wa Sheffield, Dkt. Knight, aliandika juu ya umri wa wasagaji hao, na Friedrich Engels akamnukuu katika kitabu chake cha mwaka 1845 kuhusu wafanyakazi wa Uingereza. Waliosaga uma kwa jiwe kavu walikufa wakiwa na miaka 28 hadi 32. Waliosaga nyembe, ambao walitumia jiwe kavu na jiwe lenye maji pia, walikufa kati ya miaka 40 na 45. Waliosaga visu vya mezani kwa jiwe lenye maji walifika kati ya 40 na 50.

Soma tena hizo tarakimu. Kazi ileile, mji uleule, tofauti ni maji tu.

Ugonjwa huo leo tunauita silikosisi. Vumbi la mawe linatengeneza makovu kwenye mapafu, na mwenye silikosisi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Ndugu zetu wa machimbo ya dhahabu na Mererani wanaujua.

Kwa nini nayaleta haya kwa mume anayetaka kusafisha wembe mmoja tu barazani? Hatapata silikosisi kwa wembe mmoja, nisikutishe. Ila kanuni ya maji inabaki. Asitumie mashine ya kusagia kukavu. Achukue msasa wa maji, aanze na namba 400, apande polepole hadi 2000, huku analowesha. Mashine ina ubaya mwingine pia: inachemsha chuma. Ukiona makali yamegeuka rangi ya bluu, ugumu umeondoka na huo siyo wembe tena, ni kibao cha chuma.

Na vumbi la mpingo nalo si la kuchezea. Mpingo unaupenda kwa vinyago vya Wamakonde, na wazungu wanaufanyia klarineti kwa sababu ni mzito na hauchezi; ukitupwa majini unazama. Lakini unga wake huwasha ngozi na vifua vya baadhi ya watu. Afanyie nje, avae barakoa, na akimaliza abadilishe shati kabla ya kumbeba mtoto. Wasichana waliong'arisha vijiko na uma kule Sheffield walijifunga kitambaa kichwani na kujikinga kwa karatasi kifuani na miguuni kabla ya kuanza kazi, na hawakuwa na nesi wa kuwaambia.

Kabla hatujaiacha kutu: kutu haileti pepopunda. Najua sote tumekuzwa tukiambiwa hivyo. Pepopunda inaletwa na vimelea wanaoishi kwenye udongo na samadi. Msumari wenye kutu ni hatari kwa sababu kwa kawaida umelala udongoni. Wembe uliong'arishwa kama kioo ukiangushwa uani halafu ukamkata mtu, hatari ni ileile. Kinga ni chanjo.

POST YA 2: MPINI

Hapa ndipo penye jibu lenyewe, msiruke.

Vipini vya nyembe za Sheffield kwa sehemu kubwa vilikuwa vya pembe: pembe za ng'ombe au nyati, zinapashwa moto mpaka zinalainika, zinagandamizwa kwenye kalibu, zikipoa zinabaki na umbo. Vya bei kubwa vilikuwa vya gamba la kasa au pembe za ndovu. Hizo za ndovu zinatuhusu. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu duniani, zikishuka kutoka bara kupitia Tabora hadi Bagamoyo, juu ya mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi na ya watu waliokuwa watumwa. Viwanda vya visu vya Sheffield vilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa pembe. Siwezi kukuambia wembe wa babu ulipata mpini wake wapi, lakini ukikutana na wembe wa zamani wenye mpini mweupe wenye mistari myembamba kama nyuzi, ujue kuna uwezekano ulishapita pwani hii mara moja kabla ya kurudi.

Miaka ya 1870 ikaja seluloidi, plastiki ya kwanzakwanza, ikaigiza pembe na gamba la kasa kwa bei ya chini. Hii ina kasoro mbili. Inashika moto upesi sana. Na ikizeeka inaoza, inatoa mvuke wa tindikali unaokula bapa. Kama mpini uliovunjika wa babu unanuka kama kafuri na umepasukapasuka, na kutu imekaa hasa pale ambapo bapa hulala ukikunjwa, hiyo ndiyo sababu. Utoeni, usikae droo moja na nyembe nyingine, wala asiukate karibu na jiko.

Mti je? Mti ulitumika, ila mara chache, na sababu ni rahisi: wembe unaishi kwenye maji. Mti unanywa, unavimba, unapasuka penye pini. Wanaochonga vipini vya mti siku hizi huchagua miti migumu yenye mafuta yake, na mpingo ni mmoja wao.

Sasa nawapeleka hospitali, kwa sababu kuna jambo lililotokea huko ambalo halikutokea kwa kinyozi.

Kwa muda mrefu visu vya wapasuaji na nyembe za vinyozi vilikuwa ndugu. London, mwaka 1540, vinyozi na wapasuaji waliwekwa chama kimoja chini ya Mfalme Henry VIII, na hawakuachana mpaka mwaka 1745. Hata baada ya kuachana, vifaa vilifanana: chuma kizuri, mpini wa pembe au wa mti mweusi, sanduku lenye kitambaa laini ndani. Kisu kikitoka kwa mgonjwa kilifutwa, kikarudi kwenye kitambaa chake. Jamani, kitambaa!

Mwaka 1867 Joseph Lister alichapisha kazi yake ya kutumia asidi ya kaboliki kuua vijidudu vya kwenye vidonda. Kisha Berlin, miaka ya 1880 na mwanzoni mwa 1890, Ernst von Bergmann na msaidizi wake Curt Schimmelbusch wakaendeleza njia ya joto: chemsha vifaa, pitisha mvuke kwenye nguo na bandeji. Na hapo mpini ndio ulioshindwa. Bapa lilistahimili kuchemshwa. Mti ukapasuka, pembe ikajikunja, gundi ikaachia. Zaidi ya hayo, kati ya mpini na chuma mna ufa mdogo ambao damu inaingia na brashi haifiki. Wapasuaji wakaviacha vipini vya mti na pembe, wakahamia vifaa vya chuma kitupu, kipande kimoja tangu ncha hadi mkiani. Ukiingia chumba cha upasuaji leo hutaona mti. Chanzo ni hicho.

Wembe wa kukunja haukufuata njia hiyo. Ulibaki na pini zake, vibao vyake na ufa wake, kwa sababu ulikuwa wa mtu mmoja, uso mmoja. Kwa matumizi hayo hauna ubaya.

Ubaya unaanza ukipita kwa mtu wa pili. Nikupe mfano mmoja tu: kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka ambayo huioni, kwa siku 7 au zaidi. Unaweza kufuta bapa kwa spiriti likang'aa. Pale penye pini, chini ya kibao, spiriti haifiki ipasavyo. Kuchemsha utaua mpini. Jiki itakula chuma. Yaani wembe wenye mpini wa mti haiwezekani kuusafisha kwa kiwango tunachosafishia vifaa vya wodini, hata fundi awe hodari vipi.

Kabari sasa. Naomba mama mwenye mtoto anayetambaa asome hapa mara mbili.

Vibao viwili vya mpini vimeshikana mwisho mmoja kwa pini inayopita kwenye bapa. Mwisho wa pili, katikati yao, kuna kabari ndogo, nyembamba upande mmoja, nene upande mwingine. Ndiyo inayovipinda vibao kidogo ili vibane bapa bila makali kugusa ukingo. Katika nyembe nyingi za zamani za Kiingereza kabari hiyo ni ya risasi. Risasi ile ya metali, ambayo mafundi waliipenda kwa sababu ni laini na inazipa mkono uzito wa kuulinganisha wembe.

Mumeo akitoa pini akakuta kikabari cha kijivu, kizito kuliko ukubwa wake, kinachokwaruzika kwa ukucha na kuacha alama kama ya penseli kwenye karatasi, asikipige msasa. Asikiyeyushe kwenye sufuria. Akifunge kwenye mfuko, akiweke mbali kabisa, anawe mikono kwa sabuni, na meza aliyofanyia kazi aipanguse kwa kitambaa chenye maji, asifagie. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Inaharibu ubongo unaokua, na haina dalili za haraka za kukuamsha usiku. Mtoto anayetambaa anagusa sakafu, kisha anaweka vidole mdomoni, si ndiyo?

Kabari mpya aichonge kwa mpingo uleule, au mfupa, au kipande cha shaba ya njano. Vibao vinatoshea unene wa milimita 3 hivi. Aviunganishe viwili kwa gundi ya muda au utepe, avitoboe pamoja ili matundu yalingane, kisha avitenganishe. Apake vanishi au mafuta ya kukausha tabaka kadhaa, ndani na nje na hadi ndani ya matundu, aache yakauke siku zake. Pini ni kijiti cha shaba, kinagongwa kidogokidogo kwa nyundo ndogo mpaka kichwa kitanuke. Agonge akiwa na subira ya mwanamke anayesuka ukili. Akigonga kwa hasira kibao kinapasuka, anaanza upya.

Makali ayanoe mwisho. Kwenye kinoo bapa linalazwa kabisa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe. Mgongo ndio unaoshika pembe ya kunolea, hahitaji kukisia. Jiwe la 1000, la 4000, la 8000, halafu ukanda wa ngozi, ambapo bapa huvutwa kinyume, mgongo ukitangulia.

POST YA 3: NGOZI

Hii itakuwa fupi, chai yenu imepoa.

Mwenzenu aliyeuliza ana mume anayetaka kufanya kitu cha upendo. Sitaki kumdharau. Kunyoa nywele za kuzaliwa nazo ni mila ya wengi hapa: Waislamu siku ya 7 pamoja na akika, wengine arobaini. Kiafya mtoto hahitaji kunyolewa, wala nywele hazitakuwa nyingi zaidi kwa sababu hiyo. Lakini mila si lazima iwe na sababu ya kiafya.

Kilicho muhimu ni kujua kwamba wembe, hata uliokatika vizuri kiasi gani, unachana ngozi. Hospitali zenyewe zilichelewa kulikubali hilo. Kwa miongo mingi mama akija kujifungua alinyolewa kwanza, ikaaminika nywele ndizo zinazoleta uchafu. Mwaka 1922 madaktari wawili wa Marekani, Johnston na Sidall, walilinganisha kina mama walionyolewa na wasionyolewa kabla ya kujifungua, hawakuona faida. Hakuna aliyewasikiliza. Mwaka 1971 Seropian na Reynolds wakapima vidonda vya upasuaji: walionyolewa kwa wembe walipata maambukizi asilimia 5.6, ambao hawakunyolewa au waliotolewa nywele kwa dawa, asilimia 0.6. Leo mwongozo wa WHO unasema asiyelazimika kuondolewa nywele kabla ya upasuaji asiondolewe, na ikilazimu ni mashine ya kukatia, siyo wembe. Na mama anayejifungua hanyolewi kama utaratibu wa kawaida. Kama bado kuna mahali unaambiwa uje umenyoa, uliza kwa upole sababu ni nini. Una haki hiyo.

Kichwa cha mtoto wa siku 40 kina ngozi nyembamba na utosi ulio wazi. Kwa hiyo: mkinyoa, tumieni wembe mpya uliotolewa kwenye karatasi yake mbele yenu, mtoto mmoja wembe mmoja, kisha utupwe kwenye chupa ngumu yenye mfuniko. Mnyoaji anawe. Apite pembeni ya utosi, asibane. Au mkate kwa mkasi mkiacha nywele fupi. Hata hilo wazee wengi hukubali mkiwaeleza.

Huo wembe mdogo wa karatasi nao una historia yake. King Camp Gillette, Mmarekani, alianza kuuza mwaka 1903, na mwaka ule mzima aliuza vishikio 51 na nyembe 168 tu. Mwaka uliofuata vishikio vilipita 90,000. Aliwaza biashara, hakuwaza watoto wachanga. Lakini kitu cha kutumia na kutupa ndicho kilichokuja kuwekwa kwenye vifurushi vya kujifungulia salama, mama akilazimika kujifungua nyumbani, kwa ajili ya kukata kitovu. Wembe mpya kwa kitovu, chanjo ya pepopunda kwa wajawazito, usafi wa mikono: kwa hayo Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga kama tatizo la afya ya jamii. Wenye umri wa mama yangu wanakumbuka vichanga waliokakamaa siku ya 7 wakazikwa bila jina.

Basi mjibu mumeo hivi: wembe wa babu aufufue, anyolee ndevu zake mwenyewe, peke yake. Mdogo wake akiutaka, atafute wa kwake. Kijana wenu akifika umri wa kuota ndevu, baba amrithishe, akishautengeneza na kuunoa upya mbele yake, na tangu siku hiyo uwe wa kijana tu. Arobaini mumeo ashike wembe mpya kwa mkono wake uleule uliochonga mpingo. Kama bibi wa upande wa mume atauliza, mwambieni nesi kasema.

Usiwekwe bafuni, mvuke unaumaliza. Aufute ukauke, apake tone la mafuta ya cherehani kwenye bapa, aukunje, uende juu kwenye kabati lenye kufuli. Mafuta ya nazi hapana, yanachacha na yanavuta sisimizi.